Pato la Mtanzania ni dola 1,200 au karibu 4,000? Wana Mwanza nisaidieni

Vipuri_Igoma aliandika:

Wakuu salaam. Nina duka dogo la vipuri vya pikipiki hapa Igoma, na barazani wanakaa mafundi wawili wanaofunga vile ninavyouza. Wiki hii kijiweni kwetu kumezuka ubishi ambao umegoma kuisha. Jamaa mmoja, mwalimu wa sekondari, anasema pato la wastani la Mtanzania kwa mwaka ni kama dola 1,200. Mwingine akatoa simu, akatuonyesha kwamba ni karibu dola 4,000. Tukaamini mmoja wao kaokota uzushi mtandaoni. Kumbe zote zimetoka Benki ya Dunia, na tofauti yao ni herufi tatu tu zilizobandikwa pembeni ya ile kubwa: PPP, eti uwezo wa hela kununua.

Mimi hili limenigusa kwa sababu ya dada yangu. Yuko Denmark, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila tukiongea analia hela haitoshi, mimi namwona ana dharau tu. Majuzi kanitajia kuwa kampeleka mwanae kunyoa, katoa kroner 300 hivi. Nikapiga hesabu kwa bei ya benki, ikavuka laki moja ya kwetu. Laki! Mimi Mabatini nanyolewa kwa 3,000, na kichwa naoshwa na maji ya moto. Dada anasema, "Wewe unaishi kifalme, ni vile hujijui."

Huo ufalme mbona siuoni nikienda kununua simu? Mbona siuoni nikishuka mwaloni kutafuta sangara? Mbona cheni na sproketi za Boxer zinapanda kila dola ikipanda, hazijali kama mteja wangu ni bodaboda?

Naomba nieleweshwe kwa Kiswahili cha kawaida. Namba ya kweli ni ipi, hiyo dola ya pili anaipanga nani, na kwa nini vitu vingine hapa ni rahisi na vingine havina huruma hata kidogo. Wasomi msije na grafu, tafadhali.

Mkavu_Pasiansi alijibu:

Namba ya kweli ni ile ndogo. Hiyo nyingine ni poda ya kupaka usoni nchi ipendeze kwenye picha. Nenda na dola zako za PPP kwa muuza simu pale mjini uone kama atakupa hata kava. Deni la taifa linalipwa kwa dola ipi? Mashine za kusafishia figo zinaagizwa kwa dola ipi? Nimemaliza.

MamaMizani alijibu:

Mdogo wangu wa Igoma, umeuliza vizuri kuliko wengi wanaozitaja hizo namba majukwaani. Mimi niko Nyegezi, nimestaafu. Enzi za kazi niliwahi kuwa natumwa masokoni hapa Mwanza kukusanya bei kwa ajili ya takwimu, kwa hiyo nitakueleza kutokea sokoni. Darasani nilikaa kidogo.

Namba zote mbili ni za kweli. Ile ndogo inapatikana kirahisi: wanachukua thamani ya vyote tulivyozalisha kwa mwaka kwa shilingi, wanagawa kwa idadi yetu, halafu wanageuza kuwa dola kwa bei ya benki. Ubovu wake utauona ukikumbuka mwishoni mwa 2024. Dola ilikuwa inacheza kwenye 2,700, ikateremka hadi karibu 2,400 ndani ya miezi miwili mitatu. Kwa hesabu hiyo, pato lako kwa dola liliruka zaidi ya asilimia kumi. Wewe uliona nini dukani? Kinyozi wako alibadili bei? Mama lishe aliongeza kipande cha nyama? Bei ya dola benki inasukumwa na watalii, dhahabu, korosho, mafuta tunayoagiza na hatua za Benki Kuu. Kinyozi wa Mabatini hayumo humo kabisa.

Ile kubwa inauliza swali lake tofauti: kapu lile lile la matumizi, ukilinunua hapa unatoa shilingi ngapi, na ukilinunua Marekani unatoa dola ngapi? Tuseme kapu la dola 100 kule, hapa linajaa kwa shilingi laki moja. Basi kwa kapu hilo dola moja ni shilingi 1,000, hata kama benki wanakuuzia kwa 2,600. Nimetumia namba za mviringo, lakini hatuko mbali na ukweli. Ukijumlisha kila kitu, bei za Tanzania kwa dola ya benki ziko chini ya nusu ya bei za Marekani. Ndiyo maana pato likigeuzwa kwa njia hii linakuwa kama mara tatu.

Hesabu hii ndiyo PPP, kwa Kiingereza purchasing power parity, yaani usawa wa uwezo wa kununua. Jina hilo lilitolewa na mchumi Gustav Cassel wa Sweden mwaka 1918, wakati vita vimevuruga sarafu za Ulaya na hakuna anayejua zirudi kwenye bei gani. Kazi ya kwenda kupima bei nchi kwa nchi ilianza 1968, Umoja wa Mataifa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Siku hizi inasimamiwa na Benki ya Dunia, na upande wetu waratibu ni Benki ya Maendeleo ya Afrika. Matokeo ya bei za mwaka 2021 yalitoka 2024, yakihusisha nchi na maeneo 176. Kwa hiyo hakuna mtu anayejikalia ofisini na kuipanga hiyo dola ya pili. Inatoka sokoni, na huko sokoni ndiko kwenye vituko.

Karatasi inakwambia: nyanya mbivu, za kawaida, kilo moja. Unafika sokoni, nani anauza nyanya kwa kilo? Zimepangwa mafungu, nne chini moja juu, fungu 1,000. Unanunua fungu zima, unaliweka kwenye mzani, gramu zake ndizo zinakupa bei. Nyongeza nayo inapimwa, kwa sababu mnunuzi anaondoka nayo. Dagaa ni kwa sado, na sado ya huyu imejaa kilima juu, ya yule imepigwa fagio. Mkaa ni kwa kopo, na kopo lina kitako kilichobonyezwa kwa ndani. Halafu kuna miezi ambayo kila muuzaji anakwambia bei haijapanda, fungu ni 1,000 ile ile, ila ile nyanya ya juu imetoweka. Asiyepima ataandika kwamba bei imetulia. Na ukitoa kalamu tu wauzaji wanabadilika sura, wanajua umetoka mapato. Mimi nilikuwa nanunua kwanza kama mteja, naandika nikishageuka kona.

Kisha kuna vitu visivyo na mwenzake upande wa pili. Dagaa wa ziwa hili utawalinganisha na nini Denmark? Mkate wa nafaka iitwayo rai wanaokula wao kila siku, hapa utaupata duka gani? Kwa hiyo kila ukanda wa dunia una orodha yake ya vitu vinavyoliwa kweli na watu wake, na vitu vichache vya pamoja ndivyo vinavyounganisha kanda na kanda. Kwenye ualimu na uuguzi ni kugumu zaidi. Hakuna soko linalouza somo la hesabu kwa kilo, basi wanatumia mishahara ya watumishi na kujaribu kurekebisha tofauti ya tija. Wakifika hapo mimi imani yangu huwa inashuka nusu.

Sasa kinyozi. Usimtazame kinyozi, tazama duka lako mwenyewe. Cheni na sproketi umechukua Dar kwa mtu aliyezileta kutoka India au China. Wa Denmark naye vitu vyake vingi vinatoka pande hizo hizo. Toa usafiri na kodi, bei zenu haziwezi kuachana mbali sana, kwa kuwa mzigo unapanda meli, na mahali ulipo rahisi mno kuna mtu ataubeba aupeleke kwenye bei nzuri. Ufundi wa kuzifunga haupandi meli. Fundi wako anachukua ngapi, 5,000? Mwenzake wa kule kwa saa moja anaweza kutoza zaidi ya cheni yenyewe. Spana ni ile ile, na wala huyo hafungi nati kwa ustadi mara ishirini ya kijana wako. Ila kule kijana akichoka gereji anaweza kwenda kiwanda cha dawa, au cha mitambo ya umeme wa upepo, ambako saa moja ya kazi inazalisha mali nyingi sana. Anayetaka abaki gereji inabidi amlipe kinachokaribia hicho. Na anayetaka mtu abaki saluni, vile vile. Hapa kijana wa Mabatini akiweka mashine ya kunyolea chini, kinachomngoja ni bodaboda au kutembeza bidhaa mkononi, basi bei ya kunyoa inafuata huko.

Hoja hii waliiandika wachumi wawili mwaka huo huo wa 1964, Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kivyake. Nchi ikipata viwanda vyenye tija, vinyozi wake wanapanda bei hata kama hawajajifunza mtindo mpya. Ndiyo maana kwa dada yako kitu kikifa kinatupwa, kwa sababu saa ya fundi ni ghali kuliko kitu kipya. Sisi huku tunafufua redio ya mwaka 47.

Kwa hiyo mfukoni mwako kuna bei mbili za dola, na zote unaziishi kwa siku moja. Asubuhi unakunywa chai na chapati kwa mama lishe, unapanda daladala, unanyoa: hapo unaishi kwa dola rahisi. Jioni unaweka petroli: hapo ni dola ya benki tupu, na sisi wa Mwanza tunaongezewa gharama ya kuitoa pwani. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kikomo, hawaangalii pato la mtu wa Igoma. Wanaangalia soko la dunia na bei ya dola. Uchumi wetu ni mdogo mno kuipangia dunia bei ya mafuta. Hata Denmark na utajiri wake haiwezi, yenyewe inapanga bei za vinyozi tu.

Mkavu wa Pasiansi, ulichosema kuhusu deni na mashine za figo ni sawa kabisa. Nchi inapotoka kwenda kununua nje, inatoka na dola ya benki. Lakini ukitaka kujua mtu wa Igoma anakula nini na kuishi vipi kulinganisha na mtu wa Kisumu au Copenhagen, dola ya benki itakudanganya. Niambie wewe ungepima kwa nini.

Mwaloni_Kwetu alijibu:

Mama kamaliza kwenye vinyozi, mimi niongezee sangara, maana ndiyo ugali wangu. Niko Kirumba mwaloni muda mrefu.

Sangara analala Ziwa Victoria lakini bei yake inalala Ulaya. Wakala wa kiwanda anapigiwa simu asubuhi anaambiwa leo nunua kwa kiasi fulani, na hicho kiasi kimetokana na wanachotoa wanunuzi wa minofu nje pamoja na bei ya dola siku hiyo. Mvuvi akifika na sangara mwenye saizi inayotakiwa, yaani kuanzia sentimita 50, kwa nini akuuzie wewe kwa bei ya jirani wakati gari la barafu limesimama pale? Ukimtaka, shindana na Mhispania. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, ndiyo usiseme. Yale yanakwenda China, na kilo ya mabondo mazuri inaweza kumfanya mvuvi asahau kama kuna nyama iliyobaki kwenye samaki.

Kinachobaki kwetu ni mapanki, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa mnofu, na vichwa. Yaani kile ambacho hakipandi ndege ndicho chenye bei ya Mwanza. Nadhani hapo nimemwelewa mama.

Wakongwe mnakumbuka 1999, Umoja wa Ulaya walipozuia samaki wa ziwa hili, sisi, Kenya na Uganda, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Bei mwaloni ilianguka, waliokuwa wanakula mapanki wakarudi kula mnofu. Wavuvi walilia, mama zetu majumbani walifurahi. Zuio lilipoondolewa, mambo yakarudi kama yalivyokuwa.

Na msidhani dagaa wamebaki wa maskini. Dagaa nao wana pasipoti siku hizi. Malori yanapakia kwenda Kongo, na watengeneza chakula cha kuku wanagombea huku. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, ndiyo kabisa, ile inakaushwa ikiwa inaijua njia ya Kongo.

Nansio_Mmoja alijibu:

Mimi swali langu ni hilo la "bei za Tanzania". Tanzania ipi? Njooni Ukerewe. Soda ikishapanda meli kutoka Mwanza, ikifika Nansio imeshaongezeka bei. Saruji, bati, misumari, hivyo hivyo. Lakini sato mbichi, muhogo, machungwa ya msimu, chumba cha kupanga, ninyi wa mjini hamtusogelei. Kaka yangu yuko Dar anapata mshahara mara mbili ya wangu, lakini akilipa kodi ya nyumba na nauli za asubuhi na jioni tunabaki karibu sawa, na mimi nalala nasikia upepo wa ziwa. Hiyo namba moja ya nchi nzima imempima nani kati yetu?

MamaMizani alijibu:

Nansio, umegonga penyewe. Ile ni wastani wa taifa. Bei zinatakiwa zichukuliwe mikoa mingi, mjini na kijijini, lakini mwisho zinasagwa pamoja kuwa namba moja. Hakuna mtu anayeishi kwenye wastani. Tofauti ya Nansio na Mwanza mjini ni ya aina ile ile kama ya Mwanza na Denmark, imepunguzwa tu: kinachovuka maji kinabeba nauli, kisichovuka kinafuata kipato cha wenyeji.

Na maji yakipata daraja, bei zinasogeleana. Angalieni Kigongo na Busisi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu unazipita kwa dakika chache. Zamani lori la mahindi kutoka Sengerema lilikuwa linasubiri kivuko, na mwenye mzigo wa nyanya anazitazama zinaoza. Mimi ningekuwa bado kazini ningekwenda kupima mafungu ya Sengerema na ya Mwanza mjini kila mwezi, kabla wafanyabiashara hawajasahau bei za zamani. Kazi kama hiyo hainogi kwenye makongamano, ila ndiyo inayoonyesha daraja limemfanyia nini mama mwenye beseni la nyanya.

Vipuri_Igoma aliandika:

Shikamoo mama. Nimewasomea mafundi wangu ile sehemu ya spana, mmoja kauliza nauli ya Denmark.

Sasa mwalimu wetu kijiweni kaja na jipya. Anasema Benki ya Dunia wanahesabu maskini wa kutupwa ni anayetumia chini ya dola 3 kwa siku. Kapiga mara 2,600, kapata 7,800. Akasema basi familia ya watu watano isiyotumia 39,000 kwa siku ni maskini wa kutupwa. Kwa hesabu hiyo Igoma nzima tumekwisha, na mwalimu mwenyewe yumo.

MamaMizani alijibu:

Marahaba. Mwambie mwalimu ametumia dola isiyohusika. Mstari wa umaskini wa Benki ya Dunia hupimwa kwa ile dola ya kapu. Mwaka 1990 ulianza kama dola moja kwa siku, umekuwa ukisogezwa kila bei mpya zikikusanywa. Mwaka 2022 ulikuwa 2.15, na Juni 2025 wakauweka 3.00 kwa bei za mwaka 2021. Ukiugeuza inavyotakiwa kwa shilingi za mwaka huo, unatoka chini ya nusu ya alichopata yeye, kisha unaongeza mfumuko wa bei uliopita tangu hapo. Mwalimu ametoka humo, apumue.

Lakini asipumue sana, maana hapa nina langu ambalo sijawahi kulimeza. Kapu la wastani limejaa vitu vinavyofanya Tanzania ionekane rahisi: mishahara midogo ya watumishi, kodi za nyumba, saluni, mafundi, wasaidizi wa ndani. Hivyo ndivyo vinavyoteremsha wastani. Maskini hanunui hivyo. Mama wa Igombe mwenye watoto wanne ananunua unga, dagaa, mafuta ya kupikia, mkaa, sabuni, na nywele anasukwa na jirani bure. Zaidi ya nusu ya hela yake ni chakula, na chakula kwenye nchi maskini hakiko rahisi kwa kiwango kile kile cha vinyozi. Mafuta ya kula mengi yanaagizwa. Dagaa, kama alivyosema ndugu wa mwaloni, wana pasipoti. Kwa hiyo ile nafuu tunayohesabiwa kwenye karatasi, anayeifaidi hasa ni mwenye mshahara wa mjini anayeajiri msaidizi, kushonesha nguo na kuendeshwa. Yaani mtu kama mimi. Mama wa Igombe anaisikia redioni.

Wachumi wanalijua hili, na wapo waliojaribu kutengeneza kapu la maskini peke yake. Ni kazi ngumu kwa sababu maskini wa kila nchi ana kapu lake. Lakini mtu akija kukwambia pato limefika karibu 4,000 kwa PPP, muulize kapu la nani.

Mkavu_Pasiansi alijibu:

Hapo sasa mama umeanza kuongea lugha yangu. Bado nasema simu ni simu.

Vipuri_Igoma aliandika:

La mwisho mama, samahani kwa usumbufu, hili ni la nyumbani. Dada anakuja Desemba, na anajenga Buswelu. Mimi ndiye msimamizi. Anataka nimpe makadirio, na anauliza pia nini anunue kule na nini asubirie huku. Nitumie dola ipi?

MamaMizani alijibu:

Zote mbili, kila moja kwenye karatasi yake. Nondo, nyaya za umeme, vigae, taa, koki na bomba za bafuni, hivyo andika kwa dola ya benki na uache nafasi ya kupanda, maana shilingi ikiyumba navyo vinayumba. Mchanga, kokoto, mawe (Mwanza mawe tena!), vibarua, fundi mwashi, seremala, mlinzi, hivyo andika kwa shilingi na bei za mtaani kwenu. Ukichanganya kwenye karatasi moja utamwambia nyumba ni milioni fulani, dola ikiruka ataona umekula tofauti.

Kroner zake zikivuka zinakuja kwa bei ya benki, halafu zinatumika kwa bei ya Mwanza. Hapo ndipo anapopata faida yake, na ndiyo sababu ya wengi walioko nje kujenga huku wakati kule wamepanga. Kwa hiyo asipoteze hiyo faida kununua kule vitu vya kazi ya mikono. Meno ayatengeneze hapa. Nguo za sikukuu ashonee hapa, mtoto anyolewe Mabatini mpaka achoke. Simu na kompyuta alinganishe kwanza bei za kule na za hapa mjini, wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko usumbufu.

Na mafundi wakupe bei kabla hawajamwona. Huku kwetu Nyegezi fundi rangi alikuwa ameshakubali laki nne kwa nyumba ya jirani, mwenye nyumba aliposhuka kwenye teksi na begi la magurudumu ikawa laki saba, na rangi haikuwa imeongezeka hata kopo moja.

Vipuri_Igoma aliandika:

Hahaha, wabeja sana mama. Namwandikia leo kwamba ashukie stendi ya Nyegezi apande daladala mpaka Buswelu, begi nitakwenda kulichukua mimi na pikipiki usiku.